Toka, Baba

Saa kumi na mbili na robo, plotini kwetu Kaptembwa:
mfereji mmoja, nyumba kumi na nne,
na foleni ya madebe yaliyoamka kabla ya wenyewe.
Chesang amesimama juu ya kreti la soda lililopinduliwa,
mswaki mkononi kama askari mgeni aliyekabidhiwa rungu.
Ana miaka minne na nusu.
Hiyo nusu hakubali uisahau.

"Nitafanya mwenyewe."

Haya, fanya.
Nimekamua dawa kiasi cha punje ya mbaazi;
yeye anataka kiasi cha kiwavi.
Tunabishana. Jogoo wa Mama Nafula anatusikiliza,
anangoja tuteme.

Anasugua meno mawili ya mbele,
yale yanayoonekana akicheka,
haraka haraka, kama mtu anayefagia mlangoni tu
kwa kuwa wageni wameshapiga hodi.
Na huko nyuma je? Magego yamekaa gizani,
na uji wa wimbi wa jana
umejikunja humo kama mpangaji asiyelipa.

Zamani nilikuwa nikimsugua mimi.
Nilimshika kidevu, nikakaza,
naye akafunga mdomo fundo,
mpaka siku mama yake aliponiuliza kutoka jikoni:
unamfundisha mswaki, au unamkamata?
Tangu hapo mkono wangu hukaa juu ya wake,
mwepesi, kama kisahani juu ya kikombe cha chai.
Duara dogo. Duara dogo. Sasa huku, kwenye ufizi.
Polepole, mama, husugui sufuria.

"Baba, yako mbona hayatakati?"

Nilijua litakuja swali hili.
Nimelingoja miaka minne
na nusu.

Meno yangu yana rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
Nimekulia upande wa Njoro. Tulichota kisimani
maji baridi, matamu, yasiyo hata na wingu,
na ndani yake floridi, isiyo na rangi wala harufu,
ikajiandika kwenye kila jino lililokuwa bado kuota.
Shuleni tulikuwa darasa zima la midomo iliyofungwa.
Kwenye picha ya kitambulisho, kwenye picha ya harusi,
nimebana midomo
kama fundi cherehani aliyeshika pini.

"Si uchafu," nikamwambia. "Ni maji ya zamani."
Akafikiri. Povu likamtiririka hadi kwenye kola ya sare.
Kisha akaunyoosha mswaki wake wa kijani,
ule wenye sungura kwenye mpini:
"Fungua. Nikusaidie."

Najua, mswaki haushirikishwi.
(Jioni ile nilimnunulia mwingine, shilingi hamsini,
nao una twiga, kwa sababu sungura walikwisha.)
Lakini asubuhi ile, mbele ya foleni,
mbele ya Mama Nafula na jogoo wake,
nilipiga magoti kwenye tope la mfereji,
nikaachama.

Duara dogo, akasema. Duara dogo.
Usifunge. Usimeze.
Mkono wake mwingine ulinishika kidevu,
na haukukaza.
Hakikutoka kitu. Alichungulia, akainamisha kichwa
kama daktari asiyetaka kumtisha mgonjwa.
"Kesho tena."

Sasa ni mwezi wa nne. Maji ya kunywa tunakinga ya mvua,
pipa limekaa chini ya bati likitoa mlio wa ngoma mbovu,
na mimi nimeanza kucheka, mara mojamoja,
bila kiganja.

Siku hizi hata kreti halihitaji. Anaingia bafuni na kikombe chake,
ananigeukia: "Toka, Baba."
Natoka. Nasimama nyuma ya mlango wa bati, nasikiliza:
kwaru kwaru ya mbele, nyepesi, ya kuonyesha watu;
kimya kidogo;
halafu sauti nzito zaidi, ya ndani. Magego.
Halafu kimya tena. Kirefu. Kirefu mno.

"Chesang, unakula dawa?"

"Hapana,"
anajibu, mdomo umejaa.